Gari la Viti Viwili la Shangazi Zahabu

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya wanyama kusema. Hii ni zamani ya juzi tu, lami imeshapanda mpaka juu kwetu milimani Usambara. Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na shangazi yangu, Zahabu Kihiyo, nesi mkunga wa zahanati ya kijijini kwetu. Shangazi alikuwa na gari. Gari refu, zito, rangi ya maziwa yaliyolala, lenye viti vya kukunja nyuma. Gari lile lilibeba wajawazito. Lilibeba kabichi. Lilibeba maharusi, likabeba majeneza, likabeba viti vya plastiki vya kanisa na mikeka ya msikiti bila ubaguzi. Miaka thelathini na mmoja Shangazi alikaa nyuma ya usukani wake, na sijapata kusikia hata siku moja kwamba alilipeleka mahali alikotaka yeye.

Mwaka aliostaafu Shangazi, gari nalo likastaafu. Injini ilipasuka kwenye kona ya sokoni, oili ikatapakaa barabarani. Fundi Singano, aliyekuwa akilitengeneza tangu ujana wake, akaja, akainama, akatazama. Akafunga boneti polepole, akavua kofia.

"Sista Zahabu," akasema, "hili limemaliza kazi."

Shangazi alilia kidogo, akafuta macho, akaenda nyumbani kwa miguu. Jumapili yake akauita ukoo. Tukakaa uani, chai ikamiminwa, naye akasimama mbele yetu na kitenge chake cha zambarau.

"Kiinua mgongo changu kinatosha gari moja," akasema. "Nikikosea, hakuna la pili. Nawaambia mapema ili mtu asishangae. Nataka gari la kunifurahisha. Dogo, lenye mbio, linalokamata kona. Nikikanyaga, liitikie."

Basi pale uani vikombe vya chai vikawekwa chini.

Baba mdogo Kaoneka, mwenye sauti kuliko sisi wote, akakohoa. "Dada, wewe una miaka sitini na moja. Nunua basi dogo. Litatubeba."

Shangazi akasema, "Litabeba. Mimi sitaki la kubeba."

Mwingine akasema, "Basi chukua pikapu. Itabeba viazi."

Shangazi akasema, "Itabeba. Mimi sitaki la kubeba."

Fundi Singano naye alikuwepo, maana kwa muda aliolihudumia lile gari alishakuwa kama ndugu. Akatingisha kichwa. "Sista, mwendo wa kasi ni wa vijana. Chukua kitu kizito, kitulie barabarani, kibebe watu."

Shangazi akasema, "Na wewe, Singano? Nimesema sitaki la kubeba."

Sasa lazima niwaeleze ugonjwa wetu. Kwetu gari halipimwi kwa kuendeshwa. Linapimwa kwa kupandwa. Dalali Pembe, shemeji yake Fundi Singano, alileta magari matatu wiki ile, na kila lililofika tulilivamia. Tukaingia kumi na mmoja kwenye basi dogo, tukabanana, tukafunga milango, tukapiga makofi kwamba linafaa. Mimi mwenyewe nilikuwa kiti cha nyuma nimepakata debe. Msinitazame hivyo, nasema ukweli wangu. Tulipochungulia dirishani tukamwona Shangazi amesimama nje na ufunguo mkononi. Nafasi ya dereva alikuwa ameikalia Baba mdogo Kaoneka.

Hapo ndipo mtu wa kwanza alipofanya jambo lake.

Mtu huyo ni Mwajabu, mjane wa kaka yake Shangazi, yaani wifi yake. Goti lake la kulia ni bovu, na kila Alhamisi alikuwa akipeleka mapeasi mnadani kwa gari la Shangazi. Hakuna mtu katika ukoo aliyebebwa na gari lile kuliko yeye. Mwajabu akafungua mlango wa basi dogo, akashuka kwa shida, akasimama katikati ya uwanja na kusema kwa sauti ambayo hatukujua anayo.

"Shukeni! Shukeni wote! Ninayebebwa kuliko nyote ni mimi. Atakayeumia wifi akikosa gari la kubeba ni mimi. Na mimi nasema anunue anachotaka. Ametubeba miaka thelathini na mmoja, wanaume wazima, na hakuna aliyemuuliza hata siku moja kama kachoka. Atakayesema neno tena aje aniondoe mimi kwanza hapa."

Nani amwondoe? Tulishuka mmoja mmoja kama wanafunzi waliochelewa. Baba mdogo Kaoneka akashuka wa mwisho, akamkabidhi Shangazi kiti chake. Tangu siku ile hakuna aliyetaja basi dogo, na Shangazi akatembea mle nyumbani akiimba.

Dalali Pembe akasikia upepo umegeuka. Jumamosi akaleta gari jekundu. Lo, jekundu! Fupi, pua chini, matairi mapana, ukiliwasha linakoroma. Shangazi aliligusa paa kwa kiganja. Halafu akalizunguka. Halafu akalizunguka tena. Tulijua ameshakwisha.

"Chukua, wifi," Mwajabu akasema. "Chukua leo leo kabla hawajabadilisha mawazo hawa."

"Angalau Singano aliangalie," Shangazi akasema.

Fundi Singano akaliangalia Jumatatu. Alilala chini yake, akainua kapeti, akagonga huku na huku. Akatoka, akapangusa mikono, akasema ana haraka, atarudi. Jumanne hakuonekana. Jumatano asubuhi Dalali Pembe alikuja na kadi ya gari mfukoni, na Shangazi alikuwa ameshafunga fedha zake zote kwenye kanga, kiinua mgongo chote, miaka thelathini na mmoja ya kuamka alfajiri, amekikumbatia kifuani. Ameshanyoosha mkono wa kulipa.

Hapo ndipo mtu wa pili alipofanya jambo lake.

Fundi Singano alifika anakimbia, ovaroli halijafungwa vifungo. Hakusalimia. Akafungua buti la gari jekundu, akavuta kapeti mpaka ikachanika, akachukua bisibisi akakwangua rangi. Chini ya rangi tukaona mshono wa kuchomelea umekatiza gari zima kutoka ubavu hadi ubavu, umezibwa kwa uji wa bodi, ule wa kufichia mabonde, na kupigwa msasa.

"Sista," akasema, anahema, "hili si gari. Haya ni magari mawili. Nusu ya mbele ya lililogongwa nyuma, nusu ya nyuma ya lililogongwa mbele. Ukikata kona kwa mwendo unaoutaka wewe, mbele itafika Mombo kule bondeni, nyuma itabaki hapa."

Dalali Pembe akamwambia, "Shemeji, unanifanyia mimi hivi?"

"Nakufanyia," Fundi Singano akajibu. "Huyu amenizalishia watoto wanne."

"Basi tusijuane. Na dada yangu nitamwambia."

Akaondoka na gari lake jekundu. Shangazi alikaa chini pale pale kwenye changarawe, kanga ya fedha mapajani, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko. Sote tulishusha pumzi. Fedha ipo, na Shangazi yupo mzima. Mwajabu alimletea maji bila kumtazama usoni, maana alikumbuka nani aliyesema chukua leo leo.

Lakini kesho yake Shangazi hakuimba. Akaniita barazani akaniambia, "Mwanangu, nimejaribu. Mwambie baba yako mdogo aulizie lile basi dogo kama bado lipo." Alisema hivyo kwa upole, anachambua mchele, na mimi nilijiona mtu mbaya sana, kwa sababu sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Hata hivyo sikwenda. Nilichukua kikapu nikasema naenda, nikaketi dukani kwa kinyozi mpaka jua likageuka.

Na pale kwa kinyozi ndipo mtu wa tatu alipofanya jambo lake.

Mtu huyo ni Mzee Shekilindi. Enzi za ujana wake aliendesha magari ya mashindano, na katika banda lake la viazi, chini ya turubai, aliweka gari dogo la bluu la viti viwili, paa la kukunja, ambalo alilipangusa kila Ijumaa na kukataa kumuuzia mtu yeyote. Alikuja mwenye hoteli, akamkataa. Alikuja daktari kutoka Tanga, akamkataa. Sasa presha ya macho ilikuwa inamla; upande wa kushoto ulishazima, wa kulia anaona kama mtu aliye kwenye ukungu. Alikuwa ananyolewa nikiwa pale nawasimulia mambo ya gari jekundu. Akainua mkono, kinyozi akasimamisha mashine.

"Mwambie nesi aje kwangu," akasema. "Aje yeye na fundi. Msije na kamati."

Tulikwenda hata hivyo, ila tulibaki nje ya ua. Mzee Shekilindi akavua turubai, akampa Shangazi ufunguo.

"Shikamoo, Mzee," Shangazi akasema.

"Marahaba. Ingia peke yako. Teremka mpaka daraja la pili, kona saba, halafu urudi. Mimi sioni vizuri, nitasikiliza."

Fundi Singano alishalikagua kila msumari, akasema ni zima kuliko yeye. Shangazi akaingia, akafunga mkanda, akateremka. Mzee alisimama kando ya barabara ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio. Na sisi tukasikiliza naye. Gari lile lilishuka likipangua gia moja baada ya nyingine, safi kabisa, hakuna tairi lililolia, hakuna breki iliyopiga kelele. Likanyamaza huko chini. Kisha likaanza kupanda, na sauti yake, jamani, ilikuwa sauti ya mtu anayefurahi. Kona moja. Kona ya pili. Mwajabu alinishika mkono akanifinya bila kujua.

Shangazi akasimama mbele yetu. Kilemba kilikuwa kimefunguka, nywele zake nyeupe zimesimama wima, na macho yanamng'aa mno hata nikaona aibu kumtazama.

"Kona ya tatu ulichelewa gia," Mzee Shekilindi akasema. "Nyingine zote ni zako. Nani alikufundisha kukata kona bila kulitikisa gari?"

"Wajawazito," Shangazi akasema. "Ukimtikisa mwenye uchungu kwenye kona hizi, anajifungulia njiani. Nilijifunza kuwapitisha upesi bila wao kujua."

Mzee alicheka mpaka akashika mti. "Lichukue," akasema. "Mwenye hoteli alitaka kunipa zaidi, juzi tu. Lichukue kwa ulicho nacho."

Hivyo ndivyo Shangazi Zahabu alivyopata gari lake, na nyinyi mnaodhani hadithi imeisha, bado hamjaujua ukoo wetu.

Kwetu gari jipya lina desturi. Mwenyewe analileta nyumbani peke yake, kiti cha kando hakina mtu. Likiingia uani linamwagiwa maji ya unga, vigelegele vinapigwa, halafu mtu mmoja anakaribishwa kukaa kando ya dereva, wanazunguka kijiji. Mtu huyo anaitwa mwenye kiti. Tangu siku hiyo kiti kile ni chake, kila gari litokapo, mpaka gari life au yeye afe. Katika gari la zamani mwenye kiti alikuwa marehemu mume wa Mwajabu. Hata bwana harusi alikaa nyuma. Nalo gari lile lilikuwa na viti vingi, nani angegombana?

Gari hili lina viti viwili. Kimoja cha Shangazi.

Basi Shangazi akaingia uani na gari lake la bluu. Nyuma yake akaja Fundi Singano na pikipiki, amempakia Mzee Shekilindi, kofia imegeukia kisogoni. Maji ya unga yakamwagwa, vigelegele vikapanda. Shangazi akabaki kwenye usukani, injini inaunguruma taratibu. Akanyoosha mkono, akasukuma mlango wa abiria ukafunguka.

Watu watatu wakapiga hatua mbele kwa pamoja.

Wakatazamana.

Mwajabu akasema, "Kiti ni changu. Nisingesimama pale uwanjani, leo Shangazi yenu angekuwa anaendesha basi dogo limejaa viazi. Nilijinyima mimi mwenyewe. Alhamisi iliyopita nimebeba mapeasi kichwani, na goti hili."

Fundi Singano akasema, "Kweli ulisimama, mama, lakini ulisema achukue jekundu leo leo. Ningekusikiliza wewe, tungekuwa tumekaa matanga. Kiti ni changu. Nimemwokoa asife. Shemeji yangu hanipi mkono, mke wangu ananisalimia kupitia watoto."

Mzee Shekilindi akasema, "Fundi, wewe uliuona mshono ule Jumatatu. Ukasema Jumatano. Siku mbili ulikuwa unapima nani bora, nesi au shemeji. Na kikaoni ulisema mwendo si wake. Kiti ni changu. Mlimpa ruhusa, mlimpa uzima, lakini gari nimempa mimi, nimemwacha mwenye fedha nyingi. Na jicho hili moja lina miezi, daktari kaniambia. Nataka kuziona zile kona nikiwa ndani ya gari hili wakati bado kuna cha kuona."

Mwajabu akamgeukia. "Mzee wangu, pole kwa macho. Lakini gari hili umelikalia miaka ishirini, ukawakatalia watu wote. Umeliuza uliposhindwa kuliendesha. Hivi hujalishiba?"

"Hujashiba wewe kubebwa?" Mzee akajibu, na uani watu wakaguna.

Tukamtazama Shangazi, aamue. Shangazi alicheka, kicheko cha raha, cha mtu aliyetua mzigo, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Mimi nimeshachagua gari," akasema. "Kazi yangu imeisha. Hilo la kiti chagueni nyinyi, maana nyote watatu nawapenda, na nyote watatu bila nyinyi nisingekuwa hapa."

Msiniambie wakae kwa zamu. Baba mdogo Kaoneka alishalisema hilo na alizomewa. Kiti cha kwetu hakigawanywi. Msiniambie wabanane wawili. Mmesikia tulivyobanana kumi na mmoja, tukafika wapi?

Na mimi siwezi kuamua. Mwajabu ni mama yangu mzazi. Nikimchagua mtasema damu, nisipomchagua nitakula wapi? Lakini nilikuwa nimesimama karibu na mlango ule kuliko wote, na niliuona uso wa Shangazi. Alikuwa anaangalia barabara. Kabla sijajizuia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kwani lazima abebe mtu?"

Mama akanitazama jicho ambalo sitalisahau. Fundi Singano akaangalia viatu vyake. Mzee Shekilindi akageuza sikio upande wangu, kama vile alivyosikiliza gia. Shangazi alikanyaga mafuta kidogo tu, gari likaitika.

Haya, nyinyi ambao hamna undugu na mtu yeyote pale, nijibuni. Mmoja alimpa ruhusa, mmoja alimpa uzima, mmoja alimpa gari. Injini inaunguruma, mlango wa abiria uko wazi. Je, nani alistahili kuufunga mlango ule, na aufunge akiwa ndani, au akiwa nje?